Kusia mbegu ndani ya nyumba huku theluji ikiwa bado nje

Kwa aliyezoea kusubiri masika, bustani ya Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, au mji wowote wenye baridi ya namna hiyo huanza kwa kalenda. Tafuta tarehe ambayo kwa kawaida sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza majani, huwa imekwisha eneo lako, kisha hesabu wiki kurudi nyuma. Minneapolis wengi hungoja katikati ya Mei. Ukichukua Mei 15, pilipili, biringanya na nyanya chungu zinasiwa wiki 8 hadi 10 kabla, yaani kati ya Machi 6 na 20. Nyanya ni wiki 6 hadi 8 kabla, na kuziwahisha ni kujitafutia kazi: zitafika Mei zimerefuka, zimejaza mizizi kwenye kikombe, na zikihamishwa zitadumaa. Sukuma wiki huvumilia baridi, hivyo ukiisia katikati ya Machi inaweza kutoka nje mwisho wa Aprili. Bamia na mchicha zisikuhangaishe. Subiri udongo upate joto, umwage mbegu palepale bustanini.

Februari ni ya kukagua mbegu. Za mwaka juzi zipime: weka 10 ndani ya tishu ya jikoni yenye unyevu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iache mahali penye joto siku 7 hadi 10 (pilipili ipe wiki 2). Zikiota 8, sia kama kawaida. Zikiota 5, sia maradufu. Chini ya 3, nunua nyingine. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja tu.

Hapohapo angalia aina. Kitunguu cha Red Creole, kinachokubali vizuri kwetu, ni cha maeneo yenye mchana mfupi. Kikipandwa kaskazini, mchana unaorefuka wa Aprili na Mei hukifanya kianze kufunga tunguu kikiwa na majani machache, nawe utavuna vitunguu vidogo mno. Nunua aina za mchana mrefu. Mbaazi za kienyeji zina tatizo la kinyume: hungoja mchana ufupike ndipo zitoe maua, na sakitu huzikuta bado hazijabeba. Halafu, mbegu za kubeba kwenye begi kutoka nyumbani lazima zitajwe forodhani, na Marekani hudai cheti cha afya ya mimea.

Usichote udongo wa bustani. Ndani ya trei hushikamana kama tofali, na huja na vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoozesha shingo ya miche michanga. Changanya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu 2, perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi) 1 na mboji laini iliyochekechwa 1. Ulowanishe kabla ya kujaza trei: ukikamata konzi na kuiminya, yatoke matone mawili matatu tu. Trei za mwaka jana zioshe, kisha uziloweke dakika 10 katika jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9.

Mbegu ya nyanya au pilipili izame nusu sentimita hadi moja, mbili kwa kila tundu. Funika trei kwa plastiki. Pilipili inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na chumba cha Machi hakifiki huko, kwa hiyo mkeka wa umeme wa kupasha miche unalipa gharama yake. Bila huo inaweza kukaa wiki 3 bila dalili, mbegu nyingine zikiozea chini.

Mche wa kwanza ukichomoza, ondoa plastiki na mkeka siku hiyohiyo. Sasa kinachotakiwa ni mwanga, na hapa ndipo wengi huharibu. Dirisha la Machi, hata la upande wa kusini, halitoshi. Miche huinama kwenye kioo, mirefu na myembamba kama uzi. Taa ya kawaida ya LED yenye mwanga mweupe, ikining'inizwa sentimita 5 hadi 8 juu ya majani kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, inatosha. Ipandishe kadiri miche inavyokua.

Mwagilia kwa chini: mimina maji sentimita 1 au 2 kwenye sinia, acha nusu saa, mwaga yaliyobaki. Mche ulioanguka ghafla, shingo imenywea usawa wa udongo kama iliyofungwa kwa uzi, una kinyausi, na huo hauponi. Ung'oe pamoja na udongo wake, punguza maji, washa feni ndogo ipulize polepole.

Yakitoka majani halisi mawili, yale yanayofuata majani ya mbegu, hamishia kila mche kwenye kikombe cha sentimita 8 hadi 10 kilichotobolewa chini. Shika jani, kamwe usishike bua. Jani likikatika mche utatoa jingine, bua likiminyika mche umekwisha. Nyanya izike hadi karibu na majani ya kwanza, itaotesha mizizi kwenye bua. Pilipili ibaki kimo kilekile. Mbolea ya maji weka nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja kwa wiki.

Siku 7 hadi 10 za mwisho izoeshe miche nje: siku ya kwanza muda wa saa moja kivulini, kisha ongeza jua kidogokidogo kila siku. Majani yakigeuka meupe kama karatasi, jua limeyaunguza, umekwenda haraka. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, rudisha nyanya na pilipili ndani. Sukuma wiki iache hukohuko.