Kuchagua Vyuo vya Udaktari vya Kuomba Baada ya Kidato cha Sita

Anza na matokeo yako, si na jina la chuo. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika, usome kigezo cha kila chuo neno kwa neno, kwa kuwa sifa ya chini inakupa haki ya kuomba tu. Nafasi hupewa wenye alama za juu zaidi katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwenye A ya Kemia na mwenye D hawasimami foleni moja katika chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, hata kama wote wana sifa.

Kwa hiyo, omba chuo kimoja unachokitamani kwa dhati, kisha vingine ambavyo alama zako zinakupa nafasi ya kweli. Hapa nasisitiza kuangalia hospitali ya kufundishia, maana udaktari hujifunzwa wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa: CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki, iko katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na chuo cha KCMC kiko ndani ya hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi.

Piga pia hesabu ya ada kwa miaka yote 5, hasa katika vyuo binafsi, na usiutegemee mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) kabla haujatoka.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa; kabla ya hapo, zungumza na wazazi au walezi watakaolipa.