Namna ya Kununua Picha ya Tingatinga Mji Mkongwe

Nachora na kuuza picha za Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye jina la aliyeuanzisha, mtaa wa Gizenga mwaka wa 16 sasa, na kila mara mtu hunijia na picha aliyouziwa kwengine akiuliza: hii ya kweli?

Itoe nje, penye mwanga. Ilaze ubavu, jicho likaribie turubai. Rangi ya kopo, ile ile ya kupakia milango na baiskeli, huacha matuta madogo. Kwenye madoa ya chui utaona kila doa limeinuka pale brashi ilipoachia. Ya mashine ni laini tupu. Wengine huchapisha, kisha hupaka kidogo juu, kwa hiyo pitisha kidole penye anga pia. Inuse, iliyochorwa juzi bado inanuka.

Ukiona sahihi ya E. S. Tingatinga kwenye turubai mpya, iache. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam 1968, akafariki 1972, na alichorea hadibodi, ubao mwembamba, si turubai.

Lakini kufanana si kughushi. Mwanafunzi hufuata mkono wa mwalimu wake, na hata Andy Warhol wa Marekani alichora makopo 32 ya supu ya Campbell's, karibu yote sawa. Kughushi ni kuiba jina. Mwaka juzi nilimkuta pweza wangu kwenye duka la mtu, sahihi yangu imefunikwa kwa buluu, jina la mwengine juu yake. Nililia.

Basi uliza nani kachora. Ukishalipa, iviringishwe kama mkeka, rangi ikae nje. Ukiikunja kama shuka itapasuka.