Siku tano kwa miguu kando ya ziwa na marafiki: kutoka Kendu Bay mpaka Rusinga

Watu wakisikia kutembea kando ya maji siku kadhaa akili inaenda Lamu ama Diani, na sisi huku Kisumu tuna Ziwa Victoria lote hili limelala hapa mlangoni. Njia ninayoipenda ni ile ya upande wa kusini wa ghuba ya Winam: unaanzia Kendu Bay, unazunguka Homa Hills, unaingia Homa Bay mjini, halafu Mbita na Rusinga. Usitarajie kibao cha kukuonyesha njia. Ni njia za ng'ombe, za wavuvi na za watoto wa shule, zingine zinaishia kwa mafunjo inabidi mrudi juu mtafute nyingine. Kitu kimoja tu mkubaliane kabla hamjatoka nyumbani: mwenye kupanga ratiba ni ziwa, nyinyi mnafuata.

Hatua ya 1: Anza na watu, tarehe baadaye

Wanne mpaka sita ndio wanatosha. Mkizidi hapo kulala kwa boma la mtu inakuwa mzigo kwa mwenyewe. Wiki mbili kabla pandeni kilima cha Riat, hapa karibu na Kisumu, na mabegi yale yale mtakayobeba, viatu vile vile, mwone nani anachoka wapi, na yule wa pole kuliko wote ndiye atakuwa anatangulia safari nzima. Ukimwacha nyuma, kila mkipumzika yeye anafika wakati nyinyi mnasimama kuondoka, kwa hivyo hapumziki kabisa, na siku ya tatu ameisha. Mwenye nguvu akae mwisho, abebe dawa.

Pesa kila mtu atume kwa M-Pesa ya mtu mmoja kabla ya safari, na huyo abebe pia noti ndogo ndogo kwa sababu mama wa chapati asubuhi hana chenji ya elfu.

Tarehe: Januari na Februari ni kavu ila jua ni la kuchoma, Juni mpaka Septemba mimi naona ndio poa. Machi mpaka Mei wachana nayo, ule udongo mweusi ukilowa unashika kiatu mpaka unainua mguu kama umebeba tofali.

Hatua ya 2: Begi

Raba zenye meno ambazo umeshazizoea, soksi jozi tatu, slipa za jioni, kofia pana, neti, tochi ya kichwa, plasta ya kitambaa, chumvi na glukosi, lesso moja (inafanya kazi ya taulo, shuka na kivuli), powabanki. Maji lita tatu kila mtu asubuhi. Sufuria moja ya kikundi. Basi, chakula mtanunua njiani, samaki na omena hamtakosa.

Hatua ya 3: Saa za kutembea

Hapa ndipo naomba msome pole pole. Jua likishatoka vizuri, saa kumi na mbili unusu hivi, mnaondoka. Saa tano mko chini ya mti. Mnarudi njiani saa tisa unusu, na ikifika saa kumi na moja na nusu mmeshapanda mbali na maji, mmefika mahali pa kulala. Alasiri upepo unageuka unatoka ziwani na mawimbi yanaamka, kwa hivyo kama kuna mahali mnataka kuvuka na boti fanyeni asubuhi, na mvae life jaketi hata kama mwenye boti anasema maji ni shwari. Mawingu meusi yakipanda mchana shukeni kwa vilima haraka, radi za huku si za kuchezea.

Sababu kubwa ya kuondoka kando ya maji jioni ni kiboko. Mchana yuko majini, usiku anatoka kula nyasi, na anarudi alfajiri kwa njia yake ile ile. Jifunzeni kuisoma hiyo njia: ya ng'ombe ni mfereji mmoja, ya kiboko ina mifereji miwili inaenda sambamba na katikati kumebaki nyasi ama tuta la udongo, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana. Ukiona hiyo inashuka kwa mafunjo, usipige kambi hapo, usisimame hapo kupiga picha, na mkimkuta nchi kavu msikae kati yake na maji. Na mwulize kila mvuvi unayepatana naye, "kiboko wako wapi siku hizi?" Wanajua mpaka kona wanayolala.

Hatua ya 4: Njia yenyewe

Siku ya kwanza chukueni matatu Kisumu mpaka Kendu Bay kupitia Katito, halafu kwa miguu mpaka Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lenye maji ya chumvi, na ukibahatika utakuta flamingo. Wazee wanasema kilikuwa kijiji, bibi kizee mgeni akanyimwa chakula kwa sherehe, mvua ikanyesha kikazama. Mwombeni mtu wa hapo awasimulie, kila mtu ana yake.

Siku ya pili na ya tatu ni Homa Hills, na hapa msikimbie. Mlima wenyewe unafika mita 1,751 na ziwa liko kwa 1,134 hivi, kwa hivyo ni kupanda zaidi ya mita mia sita, mawe yanateleza na miiba ipo. Mchukue kijana wa pale awaongoze, mmlipe vizuri. Ukiwa juu unaona ghuba yote mpaka ng'ambo. Upande wa magharibi wa rasi iko Nyayanga, ambapo watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya kiboko iliyokatwa nyama. Yaani watu wanakula kando ya hili ziwa letu kabla hata ziwa lenyewe halijakuwepo! Ukiona jiwe ama mfupa wa ajabu kwa korongo, uache hapo hapo, ni mali ya taifa.

Siku ya nne mnatoka Homa Bay kwenda Mbita. Kwa maoni yangu kipande kirefu cha lami pandeni gari, hakina kivuli wala raha, mtembee tu kilomita za mwisho chini ya vilima vya Gembe. Siku ya tano mnavuka daraja mnazunguka Rusinga. Piteni kwa kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na mkumbuke ni hiki kisiwa mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa zamani sana, mwaka 1948.

Hatua ya 5: Maji na ngozi

Kichocho kiko. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani pale pale pasipo na kina pa kuogea, na mdudu anapita kwa ngozi nzima isiyo na kidonda. Kwa hivyo msiogelee, na mkilazimika kukanyaga maji jikausheni na lesso hapo hapo. Ya kunywa chemsheni mpaka yatokote. Usiku neti, malaria ya huku haina likizo.

Mguu ukianza kuwaka moto mahali, sema hapo hapo, usingoje mti. Vua soksi, kausha, bandika plasta isiyokunjika, vaa soksi kavu. Lengelenge likishatoka usilitoboe.

Hatua ya 6: Kulala kwa watu

Mkifika bichi, wa kwanza kuonwa ni mwenyekiti wa BMU (kamati inayosimamia bichi ya wavuvi), na kama ni kijijini ni mzee wa kijiji. Salamu kwanza kwa Kijaluo, "oyawore mzee" asubuhi ama "oimore mama" jioni, mkae mkipewa kiti, ndio mseme mnatoka wapi mnaenda wapi. Ua la ojuok (uzio wa mnyaa) usilipenye ukitafuta njia ya mkato, utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na tena hilo ni boma la mtu, pitia langoni. Asubuhi mwachie mama wa nyumba sukari, majani na kitu kidogo mkononi, hata akikataa mara ya kwanza.

Hatua ya 7: Kurudi

Msirudi njia mliyokuja. Pandeni feri ya Mbita mpaka Luanda K'Otieno, hapo kuna matatu za Kisumu kupitia Bondo. Hesabu ya pesa ifungwe mkiwa kwa feri, kila mtu aone kwa simu. Na yeyote aliyeingia majini aende kupimwa kichocho baada ya wiki sita hadi nane, mapema kuliko hapo kipimo kinaweza kusema hana wakati anacho, na dawa yake ipo, inaitwa praziquantel.