Jinsi ya kufuatilia dai hadi kwenye chanzo chake

Mimi ni mkutubi wa chuo. Wanafunzi huja wakiuliza vyanzo vinapatikana wapi, ilhali vyanzo ni tele. Kinachowaangusha ni kunukuu dai wasilojua limeanzia wapi.

1. Geuza mada yako iwe swali. "Usingizi wa wanafunzi" ni bahari. "Je, kulala chini ya saa sita hushusha alama za wanafunzi wa mwaka wa kwanza?" linatafutika.

2. Chomoa maneno makuu kwenye swali, uyaandikie visawe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katika Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, neno OR katikati ya visawe huongeza matokeo, na alama za mtajo hulazimisha kirai kitafutwe kama kilivyo.

3. Hapa tulia. Ukikuta dai kwenye makala, usilinukuu kutoka hapo. Shuka kwenye marejeleo, itafute kazi ya asili, kisha usome sehemu ya mbinu hata kama ikisiri inavutia: walichunguzwa watu wangapi? Walipatikanaje? Walilinganishwa na nani? Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyozua hofu kwamba chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) inasababisha usonji. Ilihusu watoto 12, bila kundi la kulinganisha. Haya yalikuwa wazi ndani ya makala yenyewe, kwa yeyote aliyeifungua. Jarida liliifuta mwaka 2010, na watu walikuwa wameshaacha kuwachanja watoto wao. Ndiyo maana nalishikilia sana jambo hili.

4. Chunguza yaliyotokea baada ya makala kutoka. Google Scholar huorodhesha kazi zilizoinukuu. Soma hasa zinazoipinga. Kisha fuata DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, hadi kwa mchapishaji, kwa kuwa tangazo la kufutwa huwekwa huko. PDF uliyotumiwa na mwenzako inaweza kuwa ya kabla ya tangazo hilo.

5. Marejeleo uliyopewa na programu ya akili unde yatafute moja baada ya jingine. Programu hizi huweza kutunga kichwa cha makala, mwandishi na hata DOI. Rejeleo lisiloonekana popote liondoe, pamoja na sentensi iliyolitegemea.

6. Hifadhi kila chanzo siku hiyohiyo unayokisoma. Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni ya bure na inatosha. Kwenye maandishi yako, weka namba ya ukurasa kando ya kila nukuu, na utenge kwa alama maneno ya mwandishi na ya kwako.