Sarafu zilizorundikana nyumbani: namna ya kuzirudisha mtaani

Nyumba nyingi za Mbeya zina kopo lake. Kwetu lilikuwa kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, na kila aliyerudi kutoka soko la Mwanjelwa au kushuka kwenye bajaji alitumbukiza humo sarafu zilizokuwa zikimlemea mfukoni. Kopo lilipojaa tulianza bakuli, kisha soksi iliyopoteza mwenzake. Siku tulipomwaga kila kitu mkekani tulihesabu shilingi 64,350, na juma hilohilo tulikuwa tumekopa unga na mafuta ya kupikia dukani.

Wengi huliita kopo la namna hiyo kibubu, lakini halistahili jina hilo. Mwenye kibubu anajua anaweka kwa ajili ya nini na atakivunja lini, ilhali sarafu za kopo zimewekwa kwa sababu tu hapakuwa na pa kuziweka. Wakati huohuo, hatua chache kutoka mlangoni kwako, mwenye duka anampa mteja pipi badala ya shilingi 100 kwa kuwa hana chenji. Kwa hiyo kazi yako ni kuzipeleka sarafu hizo kwa anayezihitaji, kwa mpangilio ambao hautamchosha yeye wala wewe.

Anza kwa kutandika kitambaa mezani au mkekani, mahali penye mwanga, na uondoe vifungo, misumari na funguo zisizojulikana kufuli zake. Sarafu unazoweza kutumia zitakuwa za aina nne: shilingi 50, 100, 200 na 500. Zipange katika minara ya sarafu kumi kumi, ili mnara wa hamsini uwe shilingi 500, wa mia uwe 1,000, wa mia mbili uwe 2,000 na wa jero uwe 5,000. Hesabu kwa makini mnara wa kwanza wa kila aina, kisha jenga mingine kando yake na upitishe kiganja juu. Ulio mfupi au mrefu utausikia mkononi kabla hujauona. Usichanganye jero na mia mbili kwa haraka ya kumaliza, kwani kosa la namna hiyo hugunduliwa na mtu mwingine, mbele za watu.

Sarafu zenye utando wa uchafu zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, halafu uzifute moja moja kwa kitambaa kikavu. Usizisugue kwa mchanga wala kuziloweka kwenye siki au maji ya limau ili zing'ae. Jero, kwa mfano, ni chuma kilichopakwa nikeli, na utando huo ukikwaruzika chuma cha ndani hushika kutu. Katika miezi ya mvua, ambapo hata chumvi ya jikoni kwetu hulowa bila kuguswa, usizirudishe kwenye kopo lenye mfuniko kabla hazijakauka kabisa.

Zikishakauka, zifunge kwa vipande vya gazeti, aina moja kwa kila furushi na kwa kiasi kisicho na mkia: jero 20 ni shilingi 10,000, mia mbili 25 ni 5,000, mia 50 ni 5,000 na hamsini 40 ni 2,000. Andika kiasi juu yake kwa kalamu, lakini usifunge kwa gundi, kwa sababu anayepokea ana haki ya kufungua na kuhesabu.

Suala la nani apelekewe lina undani kuliko watu wanavyodhani, na jambo kubwa ndani yake ni saa. Mama wa genge anapopanga nyanya na viazi asubuhi, mteja wake wa kwanza mara nyingi huja na noti ya shilingi 10,000 kununua vitu vya shilingi 1,500. Hapo furushi lako la jero na mia mbili ni msaada mkubwa kwake. Mpelekee furushi hilohilo jioni na atakutazama kwa huruma, maana mkoba wake umeshajaa sarafu na yeye mwenyewe anatafuta noti. Konda wa daladala ni vivyo hivyo: alfajiri anahangaika na chenji, jioni ana sarafu za kutosha kugongea bati la gari kila kituo, na anachotaka ni noti za kumpelekea tajiri hesabu yake. Nenda asubuhi, basi, kwa mtu unayefahamiana naye, umsalimie kwanza kama inavyopasa, kisha umuulize, "Mama, utahitaji chenji leo?" Akikubali, hesabuni pamoja na mbadilishane palepale. Usikubali kukatwa chochote, kwani unampa kile ambacho angepoteza muda kukizungukia majirani. Mimi kwa kawaida hununua kitu kidogo hapo, fungu la mchicha au parachichi mbili, ingawa hakuna aliyewahi kunidai hivyo.

Kagua pia noti unazopokea. Noti ya shilingi 500 si pesa tena: Benki Kuu iliiondoa pamoja na noti za matoleo ya miaka ya 1985 hadi 2003, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Ukikuta noti kama hiyo imekunjwa chini ya kopo lako, usijaribu kumsukumia mwenye genge.

Kwa kiasi kikubwa zaidi unaweza kwenda benki, ila nenda katikati ya juma, katikati ya mwezi, na sarafu zikiwa zimepangwa. Niliwahi kufika kwenye tawi moja mjini nikiwa na mfuko wa sarafu zilizochanganyika, siku ya mishahara, na yule kijana wa dirishani alinirudisha kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. Wakala wa pesa za simu naye hupokea sarafu iwapo ana duka pembeni ya uwakala wake, kwa sababu duka linahitaji chenji. Kuweka pesa kwenye simu hakumkati mteja kitu, kutoa ndiko kunakokata, kwa hiyo njia hii inafaa zaidi ukiwa na bili ya umeme au maji ya kulipa kwa simu hiyohiyo.

Zitabaki sarafu zisizotumika. Kwa sisi tulio karibu na Tunduma na Kasumulu, hazikosekani ngwee za Zambia na tambala za Malawi. Mpe dereva au mfanyabiashara anayevuka mpaka, kama bado zinapokelewa huko. Senti za zamani ni habari nyingine. Senti 50 yenye sungura na senti 20 yenye mbuni ni za kizazi cha sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, na zile zenye tundu katikati ni za Afrika Mashariki ya kikoloni. Hizo ziweke kwenye bahasha bila kuzisugua, uwaonyeshe watoto, na usimtumie pesa yeyote anayekuahidi mamilioni mtandaoni kwa masharti ya kulipia kwanza gharama za ukaguzi.

Wakati wote wa kazi hii mtoto mdogo asiachwe karibu na mkeka. Akimeza sarafu, usimtapishe wala kumlisha matonge ya ugali ili ishuke, bali mpeleke hospitali apigwe picha ijulikane imekaa wapi, na umwahishe zaidi akiwa anadondosha mate au anapumua kwa shida.

Kuhusu kopo lenyewe, mimi nililiondoa. Mahali pake kuna kikombe kidogo cha bati karibu na mlango, ambacho kikijaa hubeba kama shilingi 15,000 hivi, na anayetoka kwenda kupanda daladala huchukua nauli yake humo kabla ya kugusa noti. Kikijaa Ijumaa, Jumamosi asubuhi kinakwenda gengeni. Mara mbili mwezi uliopita hakikufika huko, kwa sababu mwenye genge alishamtuma mwanawe mlangoni kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na noti nyekundu mkononi, kuuliza kama kikombe kina chochote.