Saladi ya Koliflawa Badala ya Viazi, kwa Nyama ya Kubanika

Nchini Marekani, watu wanapokusanyika uani kubanika nyama katika majira ya joto, na hasa tarehe 4 Julai wanapoadhimisha uhuru wao, kando ya mbavu na soseji huwekwa bakuli kubwa la saladi ya viazi iliyopozwa: viazi vya kuchemsha vilivyokatwa vipande, mayai magumu, seleri, kitunguu na achari ya matango, vyote vikiwa vimeungwa kwa mayonezi na haradali. Chimbuko lake ni Ujerumani, na ilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19. Kusini mwa Ujerumani hadi leo viazi huungwa kwa siki na supu na kuliwa vikiwa vuguvugu, bila mayonezi hata chembe. Haradali ya manjano na mayai mengi ni mkono wa Wamarekani wa kusini. Katikati ya jimbo la Texas, ambako mabucha ya Wajerumani na Wacheki yamechangia sana kuijengea jina nyama ya moshi, saladi hiyo bado hupakuliwa pamoja na kidari cha ng'ombe kama vile kwetu kachumbari inavyopakuliwa pamoja na mbuzi choma.

Tatizo ni wanga. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa huwa na wanga wa gramu 20 hivi, na ni nadra mtu aliyeketi mbele ya nyama kuridhika na gramu 100. Koliflawa yenye uzito huohuo ina wanga wa gramu 5 tu, ambazo 2 kati yake ni nyuzinyuzi. Ndiyo maana watu wanaopunguza wanga, wawe wanafanya hivyo kwa sababu ya kisukari au kwa ajili ya uzito, wamezoea kuitwaa koliflawa na kuiweka mahali pa kiazi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kubadilisha mlo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa dozi iliyopimwa kwa mlo wa wanga mwingi inaweza kumshusha sukari kupita kiasi.

Hata hivyo, kubadilisha kiungo kimoja tu na kuendelea kupika kama kawaida ni njia ya hakika ya kuiharibu saladi hii. Mara ya kwanza nilipoitengeneza niliichemsha koliflawa kwenye maji mengi kama viazi, nikaimwaga kwenye chujio, nikaiunga kwa mayonezi ingali na joto, na baada ya saa moja bakuli langu lilikuwa na kitu kilichofanana na supu ya maziwa yenye mabonge. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kiazi kimejaa wanga, na wanga huo huyanywa maji na kuushika mchuzi; koliflawa, ambayo zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, haina cha kuyashikia, hivyo huyaachia polepole ndani ya mayonezi. Karibu kila hatua nitakayoieleza hapa chini inahusu jambo hilo moja: namna ya kuyaondoa maji, na namna ya kuurudishia mchuzi ule uzito uliokuwa ukitoka kwenye kiazi.

Chagua koliflawa nzito kuliko inavyoonekana, yenye kichwa kilichobanana, nyeupe au ya rangi ya malai, na majani yake yakiwa bado yamesimama. Madoa ya kahawia yaliyo machache yanakwanguliwa kwa kisu. Yakiwa mengi na yenye ute, iache sokoni. Ukiikuta imeanza kuachana na kuwa kama mchele uliotawanyika, haijaharibika, lakini itavurugika sufuriani. Kwa watu sita, kichwa kimoja kikubwa kinatosha, ambacho kikishaondolewa majani na sehemu ngumu ya chini ya bua kitabaki na gramu 800 hivi. Bua lenyewe usilitupe: limenye ganda la nje, ulikate vipande vya ukubwa wa punje kubwa za maharage, nalo litakuwa sehemu inayofanana na kiazi kuliko zote. Hata majani si ya kutupa, kwa kuwa koliflawa na sukuma wiki ni mmea wa spishi moja, na majani hayo yakikatwakatwa na kukaangwa kwa kitunguu huliwa vivyo hivyo.

Mahitaji mengine ni mayai manne, nusu kikombe cha mayonezi, kijiko kikubwa kimoja cha haradali ya manjano, kijiko kikubwa kimoja na nusu cha siki, mabua mawili ya seleri, robo ya kitunguu chekundu kikubwa, matango madogo matatu ya achari, chumvi, pilipili manga na unga wa paprika wa kunyunyizia juu. Soma maandishi ya chupa kabla ya kununua. Achari tamu ya matango, ambayo Wamarekani wengi huitia kwenye saladi ya viazi, huwa na sukari ya gramu zipatazo 5 katika kila kijiko kikubwa, yaani vijiko vinne tu vinakurudisha kwenye wanga wa gramu 100 za viazi ulizokuwa unazikimbia. Tumia achari ya siki na chumvi isiyotiwa sukari. Baadhi ya krimu za saladi zinazokaa dukani karibu na mayonezi nazo zina sukari, na chupa zake hufanana mno.

Kata koliflawa iwe vishada vya sentimita 2 hadi 3, vinavyolingana kadiri iwezekanavyo. Vishada vikubwa vizuri vya kupamba picha havifai hapa, kwa sababu mlaji anatakiwa achote kwa kijiko kimoja kishada, yai na seleri kwa pamoja. Chemsha maji yenye kina cha vidole viwili sufuriani, weka chujio la chuma au chombo cha kupikia kwa mvuke juu yake bila kugusa maji, tandaza koliflawa na funika. Vipande vya bua vitangulie dakika mbili. Kuanzia dakika ya sita, choma kishada kwa ncha ya kisu: kisu kiingie bila kulazimishwa, lakini ukikichomoa kishada kisikatike vipande. Kwa kawaida huchukua dakika 6 hadi 8. Ukipitiliza utaambiwa na pua, maana koliflawa iliyopikwa mno hutoa harufu ya salfa ambayo hakuna haradali iwezayo kuifunika. Hapo itupe kwenye supu, uanze upya.

Mapishi mengi huagiza koliflawa itumbukizwe kwenye maji ya barafu ili isiendelee kuiva. Mimi sikubaliani na agizo hilo kwa saladi hii, kwa kuwa ni kuirudishia maji tuliyoepuka kuyatumia jikoni. Badala yake, tandika kitambaa safi cha pamba kwenye sinia pana, mwaga koliflawa ikiwa moto, itandaze isilaliane, kisha nyunyiza mara moja kijiko kikubwa kimoja cha siki na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mvuke unaopaa huondoka na maji, chumvi huyavuta mengine yaliyo ndani, na siki hupenya vizuri zaidi kitu kikiwa na joto. Iache dakika 30, igeuze mara moja, kisha funika kwa kitambaa kingine na ukandamize kwa viganja taratibu kama unayekausha nguo ya hariri. Utashangaa jinsi kitambaa kitakavyolowa. Ndipo uiweke kwenye jokofu hadi ipoe kabisa.

Mayai yachemshwe wakati huo. Yatie kwenye maji yanayochemka, yahesabie dakika 11, kisha yatumbukize kwenye maji baridi, ambayo hapa yanaruhusiwa. Walio Nairobi, ambayo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, waongeze dakika moja au mbili, kwa sababu huko maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Kwa sababu hiyohiyo koliflawa yao nayo inaweza kuchelewa kidogo. Kiini kikizungukwa na utando wa kijani, yai limekaa motoni mno, ingawa linalika bila madhara.

Kitunguu kikate kidogokidogo, kikamulie kwenye chumvi na kukisuuza kama unavyofanya kwa kachumbari, halafu kikamue hadi kikauke. Seleri nayo ikatwe vipande vyembamba. Kazi yake ni kutafunika, kwa hiyo usiisage. Achari ikatwe na ikamuliwe pia.

Sasa tunafika kwenye mchuzi, ambao ndio utakaoamua kama mgeni atauliza hii ni koliflawa au atakula tu. Chukua viini vya mayai mawili kati ya yale manne, pamoja na konzi moja ya vishada vilivyopoa, uviponde kwa uma ndani ya bakuli hadi viwe uji mzito. Hiki ndicho kitakachoshika nafasi ya wanga wa kiazi, kwa maana kiini cha yai kikipondwa huyafunga mafuta na maji pamoja, na koliflawa iliyopondwa huupa mchuzi mwili. Ongeza mayonezi, haradali, nusu kijiko cha siki kilichobaki na pilipili manga, ukoroge hadi ulainike. Uonje kabla ya kutia chumvi, ukikumbuka kwamba koliflawa imeshatiwa. Mchuzi uwe mkali kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu ukishapoa jokofuni ukali wake hufifia. Asiyependa mayonezi mengi anaweza kuweka nusu yake mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa. Maziwa lala ni mepesi mno kwa kazi hii.

Katakata mayai yaliyobaki na ute wa yale mawili, changanya na koliflawa, seleri, kitunguu na achari, kisha mimina mchuzi na ugeuze kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, mara chache na kwa upole. Funika na uiweke kwenye jokofu kwa saa mbili. Ikilala usiku mzima huiva ladha zaidi, lakini hutoa maji kidogo, kwa hiyo anayeitengeneza siku moja kabla abakishe robo ya mchuzi pembeni, amwage maji atakayoyakuta chini ya bakuli asubuhi, ndipo auongeze. Paprika hunyunyizwa mwishoni kabisa, wakati wa kuandaa. Kwa hesabu ya vipimo hivi, kila mlaji kati ya sita atapata wanga wa gramu 8 hivi, zikiwamo karibu 3 za nyuzinyuzi. Kwa uzito uleule wa viazi angepata gramu 28 hivi.

Kwa kuwa moto wa mkaa tayari umewaka kwa ajili ya nyama, kuna njia ya pili ambayo, kwa maoni yangu, inashinda ya kwanza. Kata koliflawa vipande vinene vya sentimita 2 kupitia kwenye bua ili visiachane, vipake mafuta na chumvi, uvibanike upande wa jiko wenye moto wa wastani dakika 5 au 6 kila upande hadi viwe na michirizi ya kahawia, kisha uvikate vidogo vikipoa. Jiko la mkaa huyakausha maji bila kitambaa, na moshi huifanya saladi isiwe kivuli cha saladi ya viazi bali chakula chenye jina lake. Haradali huongezwa kidogo hapa.

Nimewahi kuulizwa kama muhogo usingefaa, kwa kuwa unapatikana kila soko na unaendana na nyama choma. Unaendana kweli, lakini muhogo una wanga karibu mara mbili ya viazi, na viazi vitamu navyo havipishani sana na viazi mviringo. Wanaotaka mbadala mwingine wajaribu figili, zikipikwa kwa mvuke hadi ukali utoke. Zina wanga mdogo hata kuliko koliflawa, ingawa mimi huona bado zinabaki na ladha ya udongo.

Mezani, saladi hii isikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na hali ya hewa ikizidi nyuzi joto 32, kama ilivyo mchana wa Texas mwezi Julai au wa Mombasa mwezi Februari, isizidi saa moja. Watu huilaumu mayonezi, lakini mayonezi ya dukani ina siki ya kutosha kuwazuia bakteria wengi. Hatari zaidi iko kwenye mayai na mboga zilizopikwa na kushikwashikwa kwa mikono. Mayonezi ya kujitengenezea nyumbani kwa mayai mabichi ni jambo jingine, nayo nisingeipeleka kwenye sherehe ya nje. Weka bakuli la saladi ndani ya bakuli kubwa zaidi lenye barafu, pakua kidogokidogo, na itakayobaki jokofuni iliwe ndani ya siku tatu. Usiigandishe, kwa sababu mayonezi hujitenga na mafuta yake, na koliflawa ikiyeyuka huyamwaga maji yote yaliyobaki.