Namna ya Kulifasiri Neno "Ronini" kwa Kiswahili

Katika darasa letu la jioni hapa Dodoma, ambalo husomesha vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, hawakosekani wapenzi wa filamu na katuni za Kijapani. Mmoja wao aliniuliza kwa nini kijana wa katuni asiye na upanga, anayeshinda chumbani na vitabu vyake, anaitwa ronini, ilhali yeye alijifunza kwamba ronini ni samurai, yaani askari wa jadi wa Kijapani, asiye na bwana. Maelezo yafuatayo yametokana na swali hilo, na ninayaandika kwa ajili ya mwalimu, mfasiri au mtazamaji yeyote anayetaka kuliweka neno hili katika Kiswahili bila kulipotosha.

Anza na neno lenyewe kabla ya kumtaja samurai. Limeundwa kwa alama mbili: "ro", yaani wimbi, na "nin", yaani mtu. Kwa mwanafunzi wa Dodoma ambaye hajaiona bahari, mwambie alifikirie gogo kavu linaloelea katika bwawa la Mtera, likisukumwa na mawimbi huku na huko bila kushikwa na mzizi wowote. Picha hiyo ndiyo inayoziunganisha maana zote za neno hili, na asiyeishika ataona maana hizo kama vitu visivyohusiana.

Kisha uliza habari unayoisoma ni ya zama zipi. Katika Japani ya kale, neno hili lilimhusu mkulima aliyeikimbia ardhi alikoandikishwa, mara nyingi kwa kuelemewa na kodi na kazi za lazima. Hapo "mtoro wa ardhi" inatosha. Maana ya samurai asiye na bwana ilikuja baadaye, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Samurai alimtumikia bwana mwenye eneo lake, ambaye kwa wasomaji wa Ugogo ninaona ni sawa kumwita mtemi, mradi uongeze kwamba mtemi huyo naye alikuwa chini ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima. Baada ya vita vya Sekigahara vya mwaka 1600, ukoo wa Tokugawa, ulioshinda, uliwanyang'anya watemi wengi maeneo yao, na kila eneo lililochukuliwa liliwaacha samurai wake bila bwana na bila posho ya mchele waliyoitegemea. Wengi walikusanyika katika ngome ya Osaka mwaka 1614 na 1615 kuutetea ukoo wa Toyotomi dhidi ya Tokugawa, wakashindwa. Mwaka 1651 iligunduliwa njama ya maronini ya kuiangusha serikali, na baada yake shoguni alilegeza sheria iliyomzuia mtemi asiye na mrithi kuasili mtoto akiwa kitandani pa mauti, kwa sababu watemi waliokufa bila mrithi walikuwa wakipoteza maeneo yao na kuongeza idadi ya maronini. Jambo hili ni muhimu sana kwa mfasiri: mtu alikuwa ronini kwa sababu ya kifo au amri ya wengine, si lazima kwa kosa lake. Kwa hiyo ninapinga tafsiri ya "samurai mzururaji". Kwetu mzururaji ni mtu anayeweza kukamatwa na polisi, ilhali maronini wengi walifundisha upanga, walifundisha watoto kusoma au walitengeneza miavuli ili wapate chakula.

Wale maronini 47 ndio mfano bora wa kusimulia darasani. Bwana wao, Asano Naganori, alimjeruhi ofisa Kira Yoshinaka ndani ya ngome ya Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1701, akaamriwa kujiua siku ileile, na eneo lake la Ako likatwaliwa. Wafuasi wake, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, walisubiri karibu miaka miwili, wakaivamia nyumba ya Kira mwanzoni mwa 1703 na kumuua. Kisha 46 kati yao waliamriwa kujiua. Makaburi yao yako katika hekalu la Sengakuji, Tokyo. Hapa andika "samurai waliofiwa na bwana wao", maana msiba ndio unaoibeba hadithi yote.

Usamurai ulifutwa katika karne ya 19, na mwaka 1876 kubeba upanga hadharani kukapigwa marufuku, lakini neno halikufa. Leo ronini ni kijana aliyemaliza sekondari, akakosa chuo alichokitaka, na sasa anajiandaa kwa mitihani ya mwaka unaofuata: amekwisha toka shuleni, na chuo bado hakijampokea. Wajapani hata huhesabu miaka yake, "ichiro" kwa mwaka mmoja na "niro" kwa miwili, ilhali aliyeingia chuo moja kwa moja huitwa "geneki", neno linalotumika pia kwa askari aliye kazini. Wapo wanaosoma nyumbani peke yao, na wapo wanaolipia shule maalumu za maandalizi.

Usifasiri maana hii kwa "aliyefeli", wala usikimbilie "anarisiti". Mwanafunzi wetu anayerisiti anatafuta cheti kizuri zaidi cha sekondari. Ronini cheti hicho anacho tayari, na pengine kuna chuo kilichomkubali akakikataa kwa sababu anakitaka kingine. Ninapendekeza "anayejiandaa upya kuingia chuo", au ubakize "ronini" na kulifafanua mara ya kwanza tu. Ukikutana na ronini wa ajira, yaani mhitimu wa chuo aliyepitwa na msimu wa makampuni kuajiri wahitimu wapya, ambao huanza kazi pamoja mwezi Aprili, andika "mhitimu anayesubiri ajira", na vijana wa Dodoma hawatahitaji ufafanuzi zaidi.